Tundu la Sindano, Ghorofa ya Saba

Mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha winchi.
Rangi si fani yangu. Najua kupandisha, kushusha,
na kuusikia upepo kabla haujafika.

Ukuta ule wa Gldani ulikuwa kijivu cha maji ya kuoshea vyombo,
ghorofa tisa bila dirisha hata moja,
yaani, bila dirisha lenye kibali.
Moja lilikuwepo, ghorofa ya saba:
Jumberi alilitoboa mwenyewe kwa nyundo na patasi
mwaka ule gesi ilipokatika na serikali ina mambo mengine,
apate mwanga wa kukatia kitunguu.

Na ufa.
Ulianzia paani, ukashuka kwa kusitasita
kama mtu anayepapasa namba ya mlango gizani,
ukaishia ya tatu.
Ufa ambao hakuna aliyeuziba
wala hakuna aliyejenga ukuta.

Siku ya mkutano uani, Khatuna alikunjua karatasi:
mkono mmoja, sindano, uzi mwekundu
unaopita huku na huku juu ya ufa.
Kimya. Kisha Jumberi:
"Paa linavuja. Nimeomba lami miaka kumi na moja.
Mnaniletea sindano?"
Watu wakacheka, kicheko cha kumuunga mkono.
Na dirisha lake halizibwi, akasema,
labda wamzibe naye.

Bibi Nazibrola hakujali paa.
Aliishika karatasi mbali na macho, akaguna:
"Kastabini kidole cha shahada?
Huyu hajashona hata kifungo."
Miaka thelathini na minne kiwandani, mashati ya shule;
alikuwa na haki ya kuguna.
Kesho yake Khatuna akaja na kamera,
akaupiga picha mkono wa bibi,
kastabini yake iliyotoboka ikiwa kidole cha kati.

Siku kumi na tisa nilimpandisha.
Makopo, brashi ndefu kama fagio, chupa ya chai.
Ukiwa karibu huuoni mkono, unaona uwanja wa kahawia,
mchirizi, kahawia tena.
Ukucha wa dole gumba ulitulia Jumatatu nzima.
Tulipofika ya saba, Jumberi yuko dirishani
anamenya viazi vya kuchemsha.
Khatuna akalizungushia dirisha rangi ya chuma,
akauleta uzi mpaka ukingo huu,
akauendeleza kutoka ukingo ule.
"Huzibwi," akamwambia. "Wewe ndiye tundu."
Hakujibu. Alimpa kiazi,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

Usiku, taa ya jikoni ikiwaka, sindano hufumbua.
Abiria wa basi la mwisho walianza kusema, "Shusha sindanoni."
Nazibrola alipita chini yake na mikate, hakuinua kichwa.
"Mishipa imezidi," alisema tu.

Februari, usiku mmoja, tundu likakaa giza.
Saa mbili. Saa tatu. Simu zikaanza, mpaka jengo la mkabala.
Mmoja akakumbuka kifua chake, mwingine akakumbuka gesi.
Nilikuwa huko, sisemi kwa nani.
Lifti ile hula sarafu, na mfukoni hakuna mwenye sarafu,
tukapanda ngazi, wengine na kandambili.
Tukagonga. Akafungua, blanketi mabegani, uso umefura:
"Nabana umeme. Kuna sheria?"

Tangu hapo kopo la kahawa limening'inia kwenye lifti,
limeandikwa kwa kalamu nene TAA YA JUMBERI.
Watu hutumbukiza walichonacho.

Paa bado linavuja.
Juzi nilikuwa kwake; beseni katikati ya jiko,
tone, kimya, tone.
Nikatoa kichwa dirishani kuitazama kazi yetu.
Kutoka pale huoni sindano, huoni mkono, huoni uzi.
Chini tu, watu wawili wamesimama na mizigo yao
wananyoosha kidole juu,
na mimi, sijui kwa nini, nikawapungia.