Hakunitukana Mimi

Hakunitukana mimi. Lau angenitukana
ningemjibu papo hapo, ulimi ninao.
Aliitukana nyumba.

Nyumba ya mama, Mkomani, yenye zidaka kumi na saba
na boriti zilizopinda kidogo upande wa kibla.
Twalib wa Mombasa alishaipenda,
arubuni alishatoa, tumefika kahawa ya pili.
Ndipo Lali Skanda, jirani wa ukuta mmoja,
akaketi kwa fundi cherehani, akasema
bila kukunja uso, kama mtu anayetaja bei ya sukari:
"Nyumba hiyo ni wakfu. Atakayeinunua kanunua dhambi."

Alasiri ile ile, simu:
*Dada, nimesikia maneno. Nirudishie arubuni yangu.*

Wakili wangu, Mwanashee, umri wa kitinda mimba wangu, akasema:
"Hii si kashfa. Jina lako li zima.
Hii ni nduguye kashfa kwa mama mwingine.
Vitabuni ana kurasa mbili, na mawakili wengi
hawajawahi kumwita mahakamani.
Halafu ana masharti kushinda mahari."

Sharti la kwanza: neno lilitamkwa? Nani alisikia?
Fundi Kupi akaja na daftari la vipimo.
Kanzu, kifua inchi arobaini na mbili, kisha mstari ulioteleza.
"Hapa nilijidunga sindano, mheshimiwa,
kwa kustuka na nililolisikia. Doa hili ni damu yangu."
Hakimu akalitazama doa. Akaandika.

Uongo tuliuthibitisha kwa karatasi: hati,
na barua ya watunza wakfu, mistari mitatu,
kwamba nyumba hiyo hawaijui.

Ilipofika nia, Mwanashee akavua miwani.
Nia haina muhuri. Moyo hauletwi
kwenye bahasha ya kaki ukapewa namba ya kielelezo.
Mtu akisema uongo huku akiuamini
sheria humwacha aende zake.
Usiku kucha nikautafuta moyo wa Lali
nikaukuta ndani ya simu yangu mwenyewe,
wiki tatu kabla ya ile sindano:
*Niuzie mimi kwa nusu bei. Tusisumbuliwe na madalali.*

"Bwana Skanda, wakfu huuzwa?"
"Hauuzwi."
"Sasa wewe ulitaka kununua nini?"

Feni ilikuwa imekufa tangu asubuhi.
Hakuna aliyecheka.

Ikabaki hasara, na hasara si machozi.
Machozi niliambiwa niyaache nyumbani.
Milioni tisa za Twalib, sita na nusu za yule
aliyekuja baadaye akanunua kwa woga:
toa hizi katika zile, ndicho kidonda changu,
kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

"Hatudaiwi yakini," Mwanashee alininong'oneza,
"hii si jinai. Mizani ituelemee
kwa punje moja ya iliki, basi."
Ikaelemea. Nikashinda, na gharama nikalipwa.

Lakini liko jambo hakuniuliza wakili wangu,
wala wakili wa Lali, wala hakimu.
Bibi yangu, akipaka chokaa ukutani kila Shaabani,
alikuwa akisema, si kwa mtu, kwa ukuta:
"Siku moja hii itakuwa ya msikiti."

*Itakuwa*. Hakusema *ni*.
Nimeligeuza neno hilo kama mtu anayekagua noti,
na kila mara sarufi inanipa haki.
Nilikuwa na miaka sita. Hapakuwa na shahidi mwingine
ila chokaa.

Na ukuta ule, upande wa pili,
ndipo kina Lali walipokuwa wakilaza watoto.