Barabara ya Sikonge

Jumamosi natembea. Mgongoni kilo kumi na mbili:
hema, karanga, maji ya kisima cha misheni.
Wa pikipiki anapunguza mwendo:
"Dada, nauli imekushinda?"

Jumapili, mzigo ule ule nimeuacha kwa shangazi,
nakimbia. Bibi Kalunde,
vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku,
anachungulia nyuma yangu:
"Mwizi yuko wapi?"

Saa inahesabu hatua. Goti linahesabu ya kwake.

Babu wa babu yangu alibeba pembe hadi Bagamoyo,
miezi mitatu, bila kiatu, na hakupigiwa makofi.
Mimi naogopa kilomita arobaini na mbili.

Miyombo inanipisha.
Bibi, mwizi ndiye mimi:
naiba pumzi kidogo kidogo,
nikazitumie Novemba.