Kikopo cha Rangi ya Viatu

Usiku wa kuamkia safari namimina kila kitu juu ya shuka,
nahesabu kama nilivyohesabu madaftari ya darasa la tatu B.
Pini mbili za kufungia nguo.
Sindano, uzi mweusi umo tayari,
maana ndani ya basi macho yangu na tundu lake hayapatani.
Nusu wembe katika karatasi ya mistari.
Mpira wa kubania noti.
Mafuta ya mgando, kidogo tu, kwenye kizibo cha soda:
upepo wa Julai wa Dodoma haupigi hodi,
unaingia na kupasua midomo kama majaruba ya Bahi.

Vyote vinakaa katika kopo la rangi ya viatu
alilonunua Malogo kwa harusi ya dada yake.
Viatu vilikwisha. Malogo naye.
Kopo bado linanukia Jumapili.

Elieza mwanangu anacheka mlangoni:
"Mama, ni uhakiki wa pensheni, si hija.
Siku hizi kila kitu kimo kwenye simu."
Simu inashona? namwuliza.
Hajui kwamba kila kilichomo humu kina siku yake ya kuzaliwa.
Pini ilizaliwa Mbande, zipu ya sketi ilipokata tamaa
nikatembea kinyumenyume hadi dukani, nasalimia watu: mbukwenyi, mbukwenyi.
Mpira ulizaliwa sokoni Kibaigwa
noti zangu mbili zilipotangulia na upepo
na gunia la mahindi likapata mwenyewe mwingine.
Na hiki kikaratasi, mikunjo minne,
kilizaliwa Ihumwa, simu ilipozima
nikagundua sijui kwa kichwa namba ya mtu yeyote duniani.
Nimeziandika kwa penseli, wino huogopa jasho.
Ya Elieza iko juu kabisa.
Hilo sijamwambia.

Kalamu haienei koponi.
Inasafiri kwenye nywele, chini ya kilemba.

Dodoma, saa mbili asubuhi, foleni imeshapinda kona.
Tumekuja kuthibitisha kwamba tu hai.
Dirishani kuna uzi wa kufungia kalamu ya ofisi;
uzi upo.
"Samahani, mama, una kalamu?"
Basi ikaanza safari yake.
Ikaenda kwa mzee wa reli kutoka Gulwe,
aliyeandika jina lake taratibu kama anayeunganisha mabehewa.
Ikaenda kwa muuguzi wa Mvumi, akaing'ata kidogo,
ikaenda kwa bwana wa ranchi ya Kongwa, akaitikisa kama kipimajoto,
ikarudi, ikaondoka,
ikarudi tena na mwanamke ambaye hakuomba kitu.
Alinionyesha tu kidole gumba chake.
Nikamjazia.
Jina? Sechelela.
Kazi? Alipika shule ya bweni, miaka ishirini na sita.
Jina la mwenza?
Akatazama uzi ule mtupu.
"Andika hayupo."
Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zimesimama wima,
kisha nikaona kwenye fomu yangu
nafasi hiyohiyo nilikuwa nimeiruka.

Saa tisa nikapigiwa mhuri: hai.
Kalamu sikuiona tena. Ilikuwa mbele huko,
inathibitisha wengine.
Sechelela akafungua fundo la khanga,
akanimiminia konzi ya karanga, mfuko hana.
Nikamfungulia kopo.

Kutoka Nzuguni hadi Mbande nilizila mojamoja.
Zilikuwa na ladha ya chumvi, ya moshi,
na kwa mbali, ya viatu vya Malogo.

Simu ikalia karibu na Kongwa.
"Mama, umefika salama? Umesahau nini huko?"
Nikapapasa kilemba.
Ukija jioni, nikasema, pitia dukani.
Niletee kalamu ya bluu.
Hapana, lete mbili.
Lete tatu.