Punje ya Harage

Jioni, mvua ya Tukuyu haijaamua kukatika,
nakuvua buti, Tusekile, la kushoto kwanza.
Miaka thelathini na nane ya ndoa
sikuwahi kuijua miguu yako.
Niliijua sauti yake tu, ikipanda kutoka mtoni,
ikitangulia kwenye chai kabla ya jua.

Siku ile ilidondoka punje ya harage,
imeanza kuvimba kwa jasho.
Uliikanyaga mchana kutwa,
mistari kumi na mmoja ya chai,
na mguu haukukuambia neno.
Ukacheka: "Bora ningeipanda!"
Mimi sikucheka.
Nilimwona Mwasomola wa kule juu,
aliyeanza na lengelenge, akalidharau,
akalifunga jani la mgomba;
leo mguu mmoja wa suruali yake unakunjwa kwa pini.

Tangu hapo hii ndiyo kazi yangu.
Maji ya vuguvugu nayapima kwa kiwiko,
maana nyayo zako siku hizi husema uongo.
Nakausha kati ya kidole na kidole
kwa pindo la kanga lililochakaa.
Kisigino nakikagua kwa kioo cha kunyolea.
Napaka mafuta, ila si kati ya vidole:
nesi alisema mara tatu,
akanikaririsha kama mtoto wa darasa la pili.

Uswege, mjukuu, ndiye karani.
Anakutoboa kidole, anasoma kimashine,
anaandika kwenye daftari la hesabu:
asubuhi nane, jioni kumi na mbili nukta nne.
"Bibi, jana msibani ulikula nini?"
Unatazama mgomba.
Mkungu mzima umeiva, Mungu wangu,
harufu inaingia ndani bila hodi.
Namenya ndizi moja. Nusu yako, nusu yangu.
Unaila polepole, kama mtu anayesoma barua.

Sukari haiponi, tulivyoambiwa; hulelewa,
kama moto wa kuni mbichi:
ukiuacha unazima,
ukiuchochea unaunguza ukuta.

Ile punje niliipanda nyuma ya jiko.
Sikukuambia. Imeshaukamata uzio.

Kesho utarudi shambani.
Nitaligeuza buti kichwa chini, nitalitikisa,
nitaingiza mkono mpaka mwisho, gizani,
nikitafuta jiwe, mwiba, msumari,
chochote ambacho mguu wako
hautanisemea.