Kichwa cha Bimkubwa

*Bath, majira ya baridi, 1777*

Kwa saa nne alisimama msusi, Musyu Valcourt,
Mfaransa wa Paris, hivyo asema; mimi nimemsikia
akijichoma pini na kutukana kwa lafudhi ya Bristol.
Kwanza mto wa singa za farasi, mviringo kama kata ya kutwikia mtungi,
kisha nywele zake, kisha nywele za watu tusiowajua,
kisha mafuta ya nguruwe, kopo zima,
kisha pini. Nilizihesabu: mia moja na arubaini.
Mwisho unga.

Akajifunika uso kwa karatasi, unga ukamnyeshea,
ukatunyeshea sote, hata paka akatoka kizee.
Na kileleni ikapandwa bustani:
figili tatu za nta, kabichi la hariri,
na kuku wa kioo aliyelalia mayai.

Ukitaka uzuri, sharti udhurike.
Sawa. Lakini wa kwanza kudhurika ni nguruwe,
wa pili ni mimi, mshika kinara,
mkono juu hadi bega likaota moto.

Dada yangu Tamsin ameolewa na mwokaji mikate, Walcot.
Anasema mkate wa wiki hii umepanda bei, umeshuka kimo.
Kimo kimekwenda wapi, sikumwambia.

Gauni nalo lina nyonga za fito, pana kuliko mlango,
kwa hiyo Bimkubwa hupita ubavu, kama kaa.
Hakai kitini; huegeshwa.
Wabeba machela walifungua paa, na bado bustani ilizidi.
Basi akapiga magoti humo ndani, njia nzima hadi dansini,
yeye ambaye kanisani, kila Jumapili,
magoti yake huwa na ugonjwa.

Alirudi alfajiri. Kichwa hakifumuliwi:
kimelipiwa wiki tatu, kitakaa wiki tatu.
Hulala ameegemea, shingo juu ya gogo lililovikwa mahameli,
macho darini, kama anayesubiri kunyolewa.

"Keziah," akaita. "Nikune."

Upo mkono wa pembe ya ndovu, mdogo kama wa mtoto mchanga,
una mpini mrefu na vidole vitano vilivyokunjwa.
Nikaupenyeza chini ya kabichi, nikatafuta ngozi.
Kitu kikasogea.
"Nini hicho?"
"Pini, Bibi."
Kikasogea tena. Pini hazina mkia.
"Pini tu, Bibi. Imelegea."

Akalia bila kutikisa kichwa.
Machozi yalichimba mifereji katika poda ya risasi,
na chini ya weupe ule kulikuwa na ngozi nyekundu, yenye vipele,
ngozi ya mtu.
Ningepaswa kumhurumia, au kumcheka.
Nilikuwa na usingizi.

"Mto wako," akauliza, "ukiulalia, unahisi nini?"

Mto wangu ni gunia. Ndani yake makapi ya ngano,
niliyopewa na shemeji yangu.
Nikaona pale ilivyogawanywa ngano ya nchi hii:
unga juu ya kichwa chake, makapi chini ya changu,
na katikati, Walcot, foleni mlangoni.

"Unakwaruza, Bibi," nikasema.
"Lakini unalala?"
"Nalala."

Akafumba macho. Nikaufuta mkono wa pembe kwa aproni:
kwenye kucha zake ukoko mweupe, mnato.
Nikaunusa.
Mkate, mkate uliochacha,
usioonja tanuri.