Deni la Gesi

Barua ya kampuni ya gesi ina mhuri wa buluu.
Nimeikalia siku tatu, kama kuku aliyeatamia jiwe.
Nje, Gyumri yote imeganda:
nguo kambani ngumu kama mbao,
mbwa wa Araksi hana hata hamu ya kubweka.

Bwana, nasema nawe njiani
kwa sababu saa nyingine sina.
Tanuri la Mkrtich huwashwa saa tisa usiku,
nami hutembea na soksi za marehemu juu ya viatu
nisiteleze kwenye barafu,
Baba Yetu moja kwa kila nguzo ya taa.
Nguzo ya nne haiwaki. Hapo huwa nanyamaza.

Jumapili padri alisema imani huhamisha milima.
Mimi sina mlima.
Nina deni la dramu elfu arobaini na moja na mia mbili,
nina goti la kushoto,
nina Hrayr, aliyekwenda Krasnodar kujenga nyumba za watu,
na simu yake tangu kabla ya Noeli haipatikani.
Hayo ukiyasogeza hata hatua moja, nitashukuru.

Nilipita kanisani. Kuba lililoanguka mwaka wa tetemeko
bado limelala uani, limepinda kama kofia ya mlevi,
theluji imelijaa. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nyumba yako nayo ilianguka, nikawaza,
na hukuhama.
Nikawasha mshumaa mmoja, wa bei ndogo,
nikaomba kama bibi alivyonifundisha,
kwa vina, ili wewe usisinzie:

*Bwana wa moto, barafu, mlangoni ninabisha,*
*sina maneno marefu, hata sala zanichosha,*
*sitafuti utukufu, mkate ungenitosha,*
*nipe leo, siyo hofu, kesho utanivukisha.*

Alhamisi wakakata gesi.
Kijana aliyekuja kufunga bomba aliona aibu,
akapangusa viatu vyake mlangoni
kabla ya kuninyima moto.
Nikampa chai. Sijui kwa nini.
Chai ilikuwa tayari.

Jioni, hodi.
Niliomba moto, Bwana, ukaniletea Araksi!
Araksi, ambaye hatujasalimiana miaka kumi na moja
kwa ajili ya ukuta wa banda, kwa ajili ya kuku,
kwa ajili ya neno alilolitamka kwenye mazishi ya mume wangu.
Amejitanda shali, macho yako kwenye soksi zangu:
"Wamenikatia. Nina jiko la kuni. Kuni sina."

Kuni hata mimi sina. Nina kabati la Vaghinak,
la mwaloni, bawaba moja imelegea,
ndani bado linanuka gundi ya viatu.
Nikalitazama. Nikamtazama yeye.
Shoka lilikuwa lake.

Tulianza na rafu.
Mlango wenye kioo tukauacha,
hakuna aliyesema kwa nini.
Kwake tukala viazi na chumvi, hatuongei,
mwaloni ukilia ndani ya jiko kama mtu anayekumbuka.
Kabla ya kukata mkate akauchora msalaba kwa ncha ya kisu,
vilevile nifanyavyo mimi,
nami miaka yote nilidhani huo ni wa nyumbani kwetu tu.
Lile neno la mazishini hakuliomba radhi.
Alinipa kiazi kikubwa.

Deni lipo. Goti lipo. Hrayr hapatikani.
Kabati litatosha siku nane, tisa tukibana.
Namna yako ya kujibu siielewi,
wala leo sikuulizi.

Saa nane na nusu. Navaa soksi juu ya viatu.
Nguzo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Kwenye ile isiyowaka nasimama, nalikanda goti.
Upo?
Basi twende. Unga hausubiri.