Deni la Kuni

Mumewe aliniuzia spoki miaka kumi na mmoja.
Vrajlal. Duka jembamba nyuma ya soko,
mlangoni kopo la bluu la mafuta, ndani yake kirihani
kilichonyweshwa kabla mbwa wa Lubumbashi hawajaamka.
"Magunia mangapi leo?" Matano.
"Kinga yako inalia," alisema, "na msitu je?"
Nilicheka. Muuza makala hucheka, akajaza upepo, akaenda zake.

Alikufa Juni, baridi ikipasua midomo.
Mwanawe Nilesh akanitafuta: kuni za kumchomea baba,
kavu, ndefu, kilo mia nne.
Nilikuwa nazo. Mitondo saba ya njia ya Kasenga
niliyoiangusha tangu Machi kwa ajili ya tanuru.
Nikataja bei. Hakubishana.

Mama alitoka, sari nyeupe,
juu yake sweta ya marehemu, vifungo vimekosewa.
"Mti gani?" Mutondo.
"Mingapi?" Saba.
"Ilikuwa na umri gani?"

Tangu nianze kuchoma makala watu wameniuliza
kama yamelowa,
kama nimeficha mawe chini ya gunia.
Umri, hakuna.
Nikasema sijui, Mama Hansa,
na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

Zilipopita siku kumi na tatu za matanga yao
akapanda pikapu ya Nilesh, akaniambia: nipeleke.
Tukapita moshi wa matanuru, tukapita vichuguu virefu kuliko nyumba yangu,
mpaka pale. Visiki saba, vyeupe kama magoti ya mtoto.
Alimimina maji kwa kila kimoja, kwa chungu kidogo cha shaba,
shaba ya wapi sijui, labda ya hapahapa,
ilikwenda Bara Hindi ikarudi na desturi.

Kisha akatoa uzi mwekundu, akazunguka.
"Kwetu mke huuzungushia mti uzi
ili mume aishi sana. Mimi nimechelewa.
Basi aishi mti."

Nikamwambia asiliane na mizizi, haijafa.
Mutondo ukikatwa huchipuka wenyewe,
adui wake ni moto wa Septemba, wawinda panya,
na mimi.
Alinitazama kwa muda mrefu.
"Tuna madeni," akasema, "kwa waliotuzaa, kwa miungu,
kwa kila kilichotulisha. Hili la kuni ni la mume wangu.
Amelala, mimi niko macho. Utanilindia kwa shilingi ngapi?"
Shilingi! Neno la bibi yake wa Mwanza.
Tukapatana: kila mwisho wa mwezi, spoki nne na kilo ya mchele.

Mwaka wa kwanza nilifyeka nyasi kuzunguka visiki,
nikaona haya, nikafanya alfajiri watu wasinione.
Mwaka wa pili moto ulikula viwili.
Nilimpelekea habari nikiwa nimevua kofia.
Hakunigombeza. Aliandika kwenye daftari la madeni la duka,
kwa maandishi yao yanayoning'inia kama nguo kambani:
vitano.

Sasa ni mwaka wa sita. Chipukizi zimenipita kichwa,
Mei huvuma nyuki.
Mama Hansa hutembea kwa fimbo.
Amenikabidhi wosia wake mimi, si Nilesh:
"Zamu yangu ikifika usiangushe mti uliosimama.
Okota. Matawi yaliyovunjwa na upepo, mbao za masanduku ya duka,
samadi kavu ya ng'ombe. Nitaungua polepole, sina haraka."

Usinisifu. Bado nachoma makala.
Watoto wanne, ada ya shule, bukari haipikwi kwa uzi mwekundu.
Jana tu, ng'ambo ya Kafubu, nilinyanyua shoka
mbele ya mutondo mnene, mzima,
na kabla ya kuteremsha mkono nikasikia kinywa changu
kinauliza kwa sauti, peke yangu porini:
wewe una umri gani?

Nikangoja, kama mjinga,
jasho likipoa mgongoni.